Mkono wa Kushoto wa Mpiga Besi

Katika vyombo vyote vinavyopangwa mbele ya waumini katika makanisa ya Bunia siku ya Jumapili, gitaa la besi ndilo ambalo aghalabu hupewa yule aliyechelewa kufika: kinanda kimekwisha kupata mwenyewe, gitaa la solo lina mabwana wawili wanaoligombea, ngoma hazikosi mtu, basi kijana aliyebaki huambiwa ashike besi, kwa dhana kwamba nyuzi nne ni rahisi kuliko sita. Dhana hiyo ni batili, na unaolipa gharama yake ni mkono wa kushoto.

Ili tuifahamu kazi ya mkono huo, na tukitazame kwanza chombo ambacho watu wa kaskazini ya mkoa wetu wa Ituri wamekizoea tangu utoto. Waalur wa Mahagi, kama ndugu zao wa West Nile ng'ambo ya mpaka wa Uganda, wana adungu, kinubi chenye shingo iliyopindwa mfano wa upinde, ambacho kila uzi wake umekazwa kwa sauti moja tu. Atakaye sauti nyingine huuendea uzi mwingine, na wanaotaka sauti nzito huunda adungu kubwa zaidi. Besi ya umeme haina ukarimu huo. Ina nyuzi nne, Mi, La, Re na Sol, na kila sauti isiyokuwa miongoni mwa hizo nne haina budi kuzaliwa kwa kuufupisha uzi, na wafupishaji ni vidole vinne vya kushoto. Mkono wa kulia huuamsha uzi. Wa kushoto ndio unaoamua utasema nini na utanyamaza lini.

Sasa taabu yenyewe ni ya vipimo. Besi ambayo Leo Fender aliitoa California mwaka 1951, nayo ndiyo iliyokuwa kigezo cha nyingi zilizofuata, ina uzi unaotetema wa sentimita 86 na kidogo, ilhali uzi wa gitaa la kawaida ni kama sentimita 65. Shingo imekingamishwa vyuma vyembamba viitwavyo freti, na nafasi iliyo baina ya chuma na chuma nitaiita chumba. Vyumba hivyo havilingani: cha kwanza, kilicho karibu na vichwa vya kukazia nyuzi, kina upana wa karibu sentimita 5, na kila ukiteremka kuelekea kwenye mwili wa gitaa hupungua. Anayetaka kuweka vidole vinne katika vyumba vinne vya kwanza, kila kidole na chumba chake, sharti aupanue mkono kiasi cha sentimita 13 kutoka ncha ya kidole cha shahada hata ncha ya kidole kidogo. Akihamia chumba cha tano hata cha nane, sentimita 10 zamtosha. Akivuka cha kumi na mbili, hazifiki 8. Mkono ni ule ule, lakini kazi si moja.

Hapa ndipo ninapohitilafiana na walimu wengi wa mji huu. Wao humwanzisha mwanafunzi kwenye chumba cha kwanza, na humtaka siku hiyo hiyo atumie kidole kimoja kwa chumba kimoja, naye mtoto wa miaka kumi na mitatu hukunja uso, hukaza bega, na kidole cha pete hukataa kutii. Kidole hicho, ambacho wahenga walikipa heshima ya kuvikwa pete, kwa kazi ni mvivu, na wala si kosa lake: kano zake zimeungana na za jirani zake upande wa mgongo wa kiganja, hata hakiwezi kuinuka peke yake kwa uhuru. Wapiga kontrabasi, ambao uzi wao hupita mita moja, walilijua jambo hili zamani. Franz Simandl, mwalimu wa Vienna aliyefariki mwaka 1912, alifundisha kwamba katika sehemu za juu za shingo vitumike kidole cha shahada, cha kati na kidogo, na cha pete kikiegemeana na kidogo kwa kukisaidia. Hivyo mkono hushika vyumba vitatu badala ya vinne, na kwa cha nne husogea. Nami nasema: anayeanza na aanzie karibu na chumba cha tano kwa vidole vinne, na anapolazimika kupanda kwenye vyumba vipana na afuate kanuni ya Simandl bila ya kuona haya.

Jambo la pili ni mahali pa kubonyeza. Kidole hakikai katikati ya chumba, wala juu ya chuma chenyewe, bali nyuma tu ya chuma, kwa upande wa vichwa. Hapo nguvu ndogo yatosha, na kila kikirudi nyuma uzi huanza kukoroma na nguvu huhitajika zaidi. Upime hivi: gusa uzi kwa wepesi kabisa na kuupiga, kisha ongeza uzito kidogo kidogo mpaka sauti itoke safi, usipite hapo. Wengi hushangaa kuona kwamba walikuwa wakitumia nguvu mara mbili ya haja. Na sababu yao, hapa Bunia, naijua. Umeme wetu una desturi ya kuondoka bila ya kuaga, na jenereta ya kanisa haiwashwi kwa ajili ya mtu mmoja anayejifunza. Basi kijana hufanya mazoezi bila ya ampli, hajisikii, naye hubana na kupiga kwa nguvu ili asikie. Tabia hiyo huenda nayo hata siku ya ibada, na sebene, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, inapoanza na kurefuka, mkono hufa ganzi kabla waimbaji hawajachoka. Dawa yake haina gharama: kiegemeze kichwa cha besi kwenye mbao za meza au mlango wa kabati, nazo zitatetema na kukusemea.

Kidole gumba na kikae nyuma ya shingo, kuelekeana na kidole cha kati, kikigusa bila ya kukaba. Wapo mafundi ambao gumba lao huchungulia juu ya shingo na hata kuunyamazisha uzi wa Mi, nami siwalaumu, kwani mikono yao ni mikubwa na wamekwisha kujua wanachofanya. Kifundo cha mkono nacho kisikunjwe mno, kwani kano zote za vidole hupita hapo katika njia nyembamba. Ujanani nilirefusha mkanda hata besi ikaning'inia karibu na magoti, nikijiona mfano wa vijana wa Kinshasa, na malipo yake yalikuwa maumivu ya miezi kadhaa. Mkanda uwe na urefu ambao besi hukaa mahali pamoja, uketipo na usimamapo.

Kwa zoezi la kwanza chukua ngazi ya Re. Weka kidole cha kati katika chumba cha tano cha uzi wa La, na kidogo katika cha saba; kisha, katika uzi wa Re, shahada cha nne, kati cha tano, kidogo cha saba; mwisho, katika uzi wa Sol, shahada cha nne, pete cha sita, kidogo cha saba. Mkono haukuhama hata kidogo, na sauti nane zimetoka. Zipige polepole, vidole visivyo na kazi vikikaa karibu na nyuzi, visirukeruke kama panzi. Kisha jifunze kukata sauti: legeza kidole bila ya kukiondoa kwenye uzi, nayo itanyamaza. Msikilizeni Decca Mpudi, aliyepiga besi katika TPOK Jazz, bendi ya Franco, mwone jinsi rumba inavyohitaji nafasi hizo za kimya kama inavyohitaji sauti.

Ngozi ya ncha za vidole itauma kwa majuma machache, nayo ni kawaida. Lakini maumivu ya kifundo au ya mkono wa mbele ni amri ya kusimama siku hiyo. Nawasihi basi viongozi wa kwaya wasimkabidhi mtoto besi Jumamosi jioni na kumdai nyimbo sita Jumapili asubuhi. Mpeni miezi mitatu, robo saa kila siku, na meza ya kuegemezea.