Herufi Mbili Kwenye Karatasi ya Maabara

Haya, sogeeni. Mwenye sarafu mbili za shilingi mia aziweke karibu, tutazihitaji.

Palikuwa na binti wa darasa la sita huko Nyarugusu, ile ya Geita kwenye dhahabu, si ile ya Kigoma yenye kambi ya wakimbizi. Baba yake alikuwa akishuka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, mama yake akiuza dagaa jirani na makarasha ya kusagia mawe. Binti huyu na familia yake nimewatunga mwenyewe. Karatasi watakayopewa sikuitunga. Zinazofanana nayo zimekunjwa ndani ya madaftari ya kliniki katika nyumba nyingi.

Mdogo wake, mtoto wa miaka miwili, alivimba viganja na nyayo, akalia usiku kucha, macho yakawa ya njano. Jirani akasema karogwa. Shangazi akasema ukoo wa wifi yake una damu mbaya. Mama hakujibu. Alimbeba mtoto mgongoni akampeleka kupimwa, binti akifuata nyuma, na wote watatu wakatolewa damu. Karatasi tatu zikatoka, kila moja ikiwa na neno lilelile: "positive".

"Kumbe sote wagonjwa!" mama akasema.

Binti akashangaa. Yeye ndiye aliyekuwa akishinda mbio shuleni, na hajawahi kulazwa hata siku moja. Inakuwaje awe na ugonjwa mmoja na mdogo wake?

Hapo ndipo majibu ya maabara huwapoteza hata watu wazima. Kipimo kile cha kwanza, kilicho rahisi, huchanganya tone la damu na dawa inayoondoa oksijeni. Chembe nyekundu zenye himoglobini ya aina ya S hujikunja zikawa kama mundu, ndiyo maana ugonjwa ukaitwa selimundu. Mtaalamu akiziona zimejikunja, anaandika "positive". Lakini kipimo hicho kinajua tu kwamba S ipo. Hakijui kama iko peke yake au ina mwenzake. Mgonjwa na mzima mwenye S wanapata jibu moja! Mimi naona karatasi ya namna hiyo haifai kukabidhiwa mtu bila maelezo.

Mtaalamu wa maabara alimwona mama anafuta machozi, akamwambia, "Mama, usilie kwanza, bado kuna kipimo kingine." Sampuli zikapelekwa Mwanza, Hospitali ya Bugando, na safari hii hata baba alitoa damu. Kipimo cha pili hutumia umeme: himoglobini za aina mbalimbali hutembea kwa mwendo tofauti, zikatengana, zikasomwa moja moja. Majibu yakarudi kwa herufi. Mama AS. Binti AS. Mtoto SS. Na baba je? AS.

Sasa sikilizeni herufi hizo. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni ndani ya damu, na kila mtu ana maagizo mawili ya kuitengeneza, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. A ndiyo ya kawaida. Mwenye AS ni mbebaji, si mgonjwa wa selimundu. A yake inafanya kazi, na AS haigeuki kuwa SS hata aishi miaka mia. Mwenye SS amepata S pande zote mbili. Chembe zake hujikunja, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Tena huvunjika upesi, damu ikapungua na macho yakawa njano.

Mmeona? S mbili haziwezi kutoka kwa mama peke yake. Shangazi alipoelezwa hivyo alinyamaza, maana ule ukoo wenye damu mbaya ulikuwa pia wa kwake.

Leteni sarafu. Upande wa Nyerere uwe A, upande wa swala uwe S. Mmoja wenu ni mama, mwingine ni baba, wote AS. Rusheni pamoja, mwandike herufi mbili zilizotokea, kisha mrushe tena na tena. Kuna njia nne: A na A, A na S, S na A, S na S. Kwa hiyo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani kwamba akishaumwa mmoja, watatu wanaofuata wako salama. Sivyo. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Kuna nyumba zitapata watoto wawili wa SS mfululizo, na nyingine hazitapata hata mmoja.

Mbona S ni nyingi kwetu? Kwa sababu ya malaria. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza mwaka 1954 kwamba wenye AS hustahimili malaria kuliko wenzao. Alipima watu wa Musoma, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Kati ya watoto wachanga 287, wenye SS walikuwa 9. Kati ya watu wazima 654, walikuwa 5 tu. Wengi walifariki wakiwa wadogo. Wenye AS walikuwa kama 31 katika kila mia ya wachanga, lakini 38 katika kila mia ya watu wazima. Malaria ilikuwa ikiwaacha. Hata hivyo AS si chandarua. Laleni ndani ya chandarua.

Watafiti wa Bugando walipima damu za watoto zaidi ya 17,000 wa mikoa ya kaskazini magharibi, Geita ikiwemo. Mmoja kati ya watano alikuwa AS. Darasa lenu likiwa na wanafunzi 50, hao ni kama 10.

Karatasi ya mtoto aliyezaliwa juzi huwa na herufi nyingine tena, F, himoglobini ya tumboni mwa mama. FA ni wa kawaida, FAS ni mbebaji, FS huenda ana ugonjwa na lazima arudi kupimwa. F humlinda miezi ya mwanzo, kisha hupungua na maumivu huanza. Ajabu ni kwamba dawa ya haidroksiyurea huirudisha F. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha watoto wanaoinywa wakipata maumivu machache na hata malaria ikipungua. Kaka mdogo wa hadithi yetu alianzishiwa dawa hiyo, pamoja na penisilini ya kila siku mpaka afikishe miaka mitano.

Basi siku mkipimwa, mkapewa karatasi yenye neno "positive" peke yake, msiondoke dirishani. Mwambieni mtaalamu: shikamoo, naomba kujua herufi zangu mbili.