Fimbo ya Bei ya Mtamba

Ndugu msomaji, kabla mwalimu wa nidhamu hajaniita ofisini, nataka ieleweke kwamba mimi si mchezaji wa puli. Machache ninayoyajua juu ya mchezo huo nimeyapata kwa mjomba wangu anayekaa Kitengela, na tena makala haya hayahusu mchezo wenyewe. Yanahusu fimbo.

Wenzangu mnaotoka Kitengela mnazijua meza za puli. Kitambaa cha kijani kimechanika pembeni, mipira ya rangi imechubuka, na vijana wamesimama ukutani wakingoja zamu. Fimbo za hapo ni za kiwandani, na nyingi zimepinda. Mchezaji mjuzi huanza kwa kuiviringisha fimbo juu ya meza. Ikibingirika bila kurukaruka, imenyooka. Ikirukaruka, huirudisha ukutani akachukua nyingine, na mara nyingi huishia kuchagua ile iliyopinda kidogo kuliko zote.

Mjomba alichoshwa na mambo hayo. Mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi Nairobi alipokuwa anarudi kwao Marekani, alimuuzia fimbo yake mwenyewe, iliyotengenezwa kwa mkono na fundi mmoja tu katika karakana yake. Mjomba alilipa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Bei yake hakumwambia mtu, lakini mama alipiga hesabu zake akasema ni bei ya mtamba mzima. Habari hiyo ikasafiri hadi kwa babu, ng'ambo ya mji wa Kajiado. Babu hakugomba. Alituma neno moja tu: fimbo iletwe aione.

Basi likizo ya Aprili mimi na mjomba tukapanda matatu, tukapita Isinya, tukafika Kajiado, na kutoka hapo tukakanyaga vumbi kwa miguu. Mjomba kimya njia nzima, mfuko wa fimbo begani kama mtu anayepeleka mgonjwa hospitali. Tulipofika tuliinamisha vichwa, babu akatugusa utosini kama ilivyo desturi, tukapewa chai. Kisha akanyoosha mkono.

Fimbo ilitoka mfukoni ikiwa vipande viwili. Babu akacheka. "Mwanangu, umeuziwa fimbo iliyovunjika?" Mjomba akaviunganisha kwa skrubu iliyomo katikati, akazungusha, na pale palipoungana pakawa hapaonekani ila kwa mviringo mwembamba. Babu akaacha kucheka.

Hebu nieleze fimbo hii ilivyo, maana hapo ndipo penye kazi. Urefu wake ni kama sentimeta 147, na uzito wake, kama zilivyo fimbo nyingi za aina hii, ni kati ya gramu 510 na 600. Sehemu ya mbele ni nyembamba na nyeupe. Imechongwa kwa mti wa mepoli, ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Fundi huuchagua mti ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho. Nyuzi zikikengeuka na kutokea ubavuni, siku unyevu wa hewa ukibadilika fimbo itapinda kuzifuata. Kisha huukereza kwa mashine, lakini hamalizi siku hiyo. Hukereza kidogo, akautundika wiki kadhaa, akarudi akakereza tena kidogo. Mti una mkazo ndani yake. Kila unapouondoa ubavu mmoja unajinyoosha au unajikunja kwa namna yake. Fundi mwenye haraka humaliza kwa siku moja, na fimbo yake hupinda ikiwa tayari mikononi mwa mnunuzi.

Nyuma ndiko kwenye uzito, na ndiko kwenye pambo. Hapo pana mti mweusi mzito kama mpingo, umeingia ndani ya ule mweupe kwa ncha nne kali, kama mikuki minne inayoelekea mbele. Watu wengi hudhani ni rangi. La. Fundi amechimba mifereji minne, akachonga vipande vya kuijaza, akavibandika kwa gundi. Mfereji mmoja ukizidi kina hata kidogo sana, ncha zake hazilingani na jicho linaona mara moja. Zamani katika Brooklyn, New York, alikuwako fundi aliyeitwa George Balabushka, mzaliwa wa Urusi, aliyefariki mwaka 1975. Fimbo zake hadi leo wakusanyaji huzitafuta kwa fedha nyingi, na sehemu mojawapo wanayoitazama ni hizo ncha.

Mbele kabisa pana kipande cha ngozi, upana wake kama milimita 13. Anayesifiwa kwa kubuni ncha ya ngozi ni askari Mfaransa, François Mingaud, aliyekuwa kifungoni mjini Paris mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo mti mtupu uliteleza juu ya mpira. Ngozi hushika, na ukiipaka chaki hushika zaidi, hata mpira ukaweza kuzungushwa ukarudi ulikotoka. Mfungwa na muda wake!

Babu hakujua lolote katika hayo, na mjomba hakuthubutu kumhutubia. Aliifumba jicho moja akaitazama fimbo kwa urefu wake, kama mtu alengaye. Akailaza juu ya kidole kimoja akaisogeza mpaka ikatulia. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu. Mwisho akapitisha ukucha polepole juu ya zile ncha nne, toka mti mweupe kuingia mweusi. Alirudia mara tatu. Ukucha haukukwama.

"Aliyefanya hii hakusukumwa na mtu," akasema. Kisha: "Ng'ombe ni ng'ombe. Lakini hukuibiwa."

Mjomba alipumua kwa mara ya kwanza tangu Kitengela.

Nikamuuliza babu alijuaje pa kugusa. Hakunijibu. Aliingia ndani akatoka na rungu lake, orinka kwa Kimaasai. Ninyi mmeyaona marungu mengi, hasa yale yenye shanga wanayouziwa watalii pale Namanga, na yale ya mabawabu wa Nairobi yenye nati ya gari kichwani. Hili halina shanga wala chuma. Limetoka katika mti mmoja, oloirien, yaani mzeituni wa porini, mti ule ule ambao vijiti vyake vilivyochomwa hutumika kusafishia vibuyu vya maziwa. Kichwa hakikuunganishwa. Huchongwa pale tawi linapoungana na shina, au kwenye fundo la mzizi, kwa sababu hapo nyuzi zimesokotana na hazipasuki kwa urahisi. Mpini hufuata nyuzi za tawi lenyewe. Kwa hiyo mchongaji huanza kuliona rungu mti ukiwa bado umesimama.

Akaniambia nililaze juu ya kidole. Lilitulia karibu kabisa na kichwa. Ndipo nikaelewa. Fimbo ya mjomba uzito wake uko nyuma, kwenye mkono unaosukuma, ili mbele iende moja kwa moja bila kuyumba. Rungu uzito wake uko mbele, ili likirushwa lizunguke angani na kichwa kifike na nguvu zote. Ni kama pacha waliopeana mgongo. Anayetaka kuona kazi ya rungu siku hizi bila mtu wala mnyama kuumia, aende michezo ya Wamaasai inayofanyika Kimana, katika kaunti yetu ya Kajiado, tangu mwaka 2012. Ilianzishwa ili vijana washindane uwanjani badala ya kuwinda simba, na kurusha rungu ni mojawapo ya mashindano, pamoja na mkuki, mbio na kuruka juu.

Tena rungu si silaha tu. Olaiguenani, yaani msemaji wa rika, hupewa rungu jeusi kuwa alama ya cheo chake. Hata Rais Moi hakuonekana hadharani bila rungu lake, na alipozikwa Kabarak Februari 2020 lilikabidhiwa mwanawe Gideon mbele ya waombolezaji. (Lakini ukikutwa nalo bwenini, cheo utakachopewa ni cha kwenda nyumbani kumleta mzazi.)

Sasa nije kwenye aibu yangu. Babu alikuwa na vipande viwili vya oloirien. Mti huo haumei kwake, kule ni migunga mitupu. Alipewa na ndugu yake wa upande wa Ngong, aliyeuza shamba, na mnunuzi akaukata mzeituni ulioota hapo kabla babu hajazaliwa, ajenge nyumba za kupangisha. Ulioenda kwenye makaa ulienda. Vipande viwili vyenye mafundo ndivyo vilivyookolewa. Mikono ya babu inatetemeka siku hizi, hawezi tena kushika kishoka. Akanipa kimoja.

Nilichonga siku nne, kishoka kwanza, kisha kisu, kisha kukwangua kwa kigae cha chupa. Kichwa kilitokea kizuri, nisijisifu bure. Ila likizo ilikuwa inakwisha na mti ulikuwa mbichi, nami nilitaka kurudi shule nikiwa na la kusimulia. Basi nikaliweka juu ya mabati, juani, likauke upesi. Jioni ya siku ya pili nikasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjwa. Ufa umeanzia mwisho wa mpini ukapanda hadi shingoni.

Sababu yake sasa naijua. Mti hupoteza maji kwa haraka zaidi kwenye miisho iliyokatwa kuliko ubavuni, na nje hukauka kabla ya ndani. Kilichokauka husinyaa, na kilicho kibichi hukataa kusinyaa, basi mti unajipasua wenyewe. Ndiyo maana fundi wa Marekani anatundika na kungoja. Ndiyo maana babu hupaka mafuta ya ng'ombe miishoni, akaweka mti kivulini, na kuusahau.

Sikugombezwa. Ingekuwa afadhali. Babu alikitazama kile kipande, akapitisha ukucha wake juu ya ufa, na safari hii ukucha ulikwama. Akakitia motoni, chai ikachemka.

Kipande cha pili tulikipaka mafuta sote wawili, tukakifunga kwa kamba juu darini, mbali na moto lakini pasipokosa moshi. Agosti nilipokwenda nilipanda nikakishusha. Babu akakiweka sikioni, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akanirudishia.

"Bado."

Nikakipandisha tena.