Kuiamsha Injini Iliyolala Miaka Mingi

Katika miji na vijiji vingi vya Afrika Mashariki si ajabu kuliona gari lililosimama uani mwa nyumba au nyuma ya karakana ya shule, magurudumu yake yamekwisha upepo na kuku wanataga chini ya viti vyake. Huenda lilisimamishwa kwa kukosa kipuri kimoja tu, au mwenyewe alihamishwa kikazi. Miaka ikapita. Siku moja watu huleta betri mpya, humimina petroli, na papo hapo huwasha. Mara nyingi injini iliyostahimili miaka kumi ya kulala huharibika katika dakika hiyo ya kwanza ya kuamshwa kwa pupa. Sababu zake zaweza kuelezwa kwa fizikia na kemia ya shule ya sekondari.

Itafaa kuchukua mfano wa injini ya petroli ya Land Rover Series III, gari lililotengenezwa Uingereza tangu 1971 hadi 1985 na kutumika sana katika nchi zetu. Injini hiyo ina silinda nne, na ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 2,286.

Kutu ndani ya silinda

Kuta za silinda ni za chuma cha kusubu, na pistoni ni za aloi ya alumini. Pistoni huzungukwa na pete za chuma, ambazo mafundi huziita ringi, zinazogusana na kuta za silinda. Injini ikifanya kazi, utando mwembamba wa oili huvitenga vyuma hivi. Injini ikisimama, oili hutiririka polepole kurudi chini na kuziacha kuta karibu tupu.

Kila injini inaposimama, baadhi ya valvu zake hubaki wazi, hivyo hewa ya nje hupata njia ya kuingia. Mchana hewa iliyo ndani hupata joto na kutanuka, na sehemu yake hutoka. Usiku hupoa na kusinyaa, na hewa nyingine huingia. Kwa namna hiyo injini iliyolala hupumua mara moja kila siku. Hewa inayoingia huwa na unyevu, hasa katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa, na unyevu huo huganda kuwa umande juu ya chuma baridi. Chuma, maji na oksijeni vikikutana hufanya kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyotokana nacho, kwa hiyo huujaza upenyo mdogo uliopo kati ya ringi na silinda, na pistoni hukwama.

Petroli na betri

Petroli ni mchanganyiko wa hidrokaboni za aina nyingi. Zile nyepesi, ambazo ndizo zinazowaka kwa urahisi, huvukiza kwanza. Zinazobaki huungana na oksijeni na kufanya utomvu unaonata, wenye harufu kali kama ya vanishi, ambao huziba matundu membamba ya kabureta. Kwa hiyo petroli ya zamani haifai kuchanganywa na mpya. Yapasa itolewe yote, tangi lisafishwe, na kabureta ifunguliwe na kuoshwa.

Betri nayo hupoteza umeme wake hata bila ya kutumiwa. Ikiachwa hivyo, salfeti ya risasi iliyo katika mabamba yake hukua kuwa fuwele ngumu, na betri hushindwa kupokea umeme tena. Mara nyingi haina budi kubadilishwa.

Kuilegeza injini

Kazi ya kwanza ni kutoa plagi zote na kumimina katika kila silinda vijiko viwili vya chai vya oili nyepesi. Oili huingia penye upenyo mwembamba kwa nguvu ileile inayopandisha mafuta ya taa katika utambi wa kandili. Nguvu hiyo haina haraka. Siku tatu au nne za kungoja si nyingi.

Kisha gia huwekwa huru, na injini huzungushwa kwa mkono, kwa hendeli yake au kwa spana ndefu. Hapa kanuni ya wenzo hutumika: kani ya nyutoni 200 kwenye mpini wa mita 0.6 huleta momenti ya nyutoni-mita 120. Pistoni ikigoma, mpini usirefushwe kwa bomba, kwani momenti kubwa mno yaweza kuvunja ringi. Fundi mwenye busara huisukuma kidogo mbele na kidogo nyuma, huongeza oili, na kungoja tena.

Kwa nini plagi zibaki nje

Ujazo wa kila silinda katika mfano wetu ni 2,286 gawanya kwa 4, yaani sentimita za ujazo 571 hivi. Katika injini ya aina hii inayobana kwa uwiano wa 8 kwa 1, pistoni inapofika juu hubakiza nafasi ya sentimita za ujazo 82 tu, ambayo haifiki nusu ya kikombe cha chai. Hewa hubanwa humo bila tabu. Lakini vimiminiko karibu havibaniki kabisa. Ikiwa ndani mna maji au oili inayozidi nafasi hiyo, na injini ikazungushwa kwa starta huku plagi zimefungwa, pistoni hukosa pa kwenda na mkono wake hupinda. Plagi zikiwa nje, kimiminiko huruka nje na madhara hayatokei.

Kuwasha

Oili ya zamani hutolewa kabla ya injini kuwashwa. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili, hutangulia kutoka. Yakionekana, chanzo chake kitafutwe. Baada ya kutia oili mpya na kubadilisha chujio, injini huzungushwa kwa starta, plagi zikiwa bado nje, mpaka taa ya oili izimike. Hapo oili imekwisha kufika kwenye beringi. Ndipo plagi hurudishwa, rejeta hujazwa maji, mipira iliyopasuka hubadilishwa, na injini huwashwa.

Kazi hii ifanyike mahali pa wazi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kuweza kuufikia moto ulio mbali. Na moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua upesi katika chumba kilichofungwa.

Mwalimu aweza kuonyesha chanzo cha matatizo haya kwa misumari mitatu: mmoja katika chupa kavu iliyofungwa yenye kalsiamu kloraidi, wa pili katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa oili, na wa tatu katika maji ya kawaida yaliyoachwa wazi. Baada ya wiki moja wanafunzi wataona ni upi uliopata kutu, na watafahamu kwa nini fundi hodari huanza kazi yake kwa kopo la oili kabla ya kuugusa ufunguo.