Ganda la Chembe ya Dhahabu na Mshipa wa Damu

Mwaka 1857 Michael Faraday alitengeneza huko London maji mekundu ambayo wekundu wake ulitokana na dhahabu iliyogawanyika kuwa chembe ndogo mno. Chembe za namna hiyo hupimwa kwa nanometa, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Zenye upana wa nanometa 20 zikipangwa mstari, zahitajika kama 400 kufikia upana wa seli nyekundu ya damu. Wataalamu huzichunguza ili zibebe dawa hadi kwenye uvimbe wa saratani. Lakini zikidungwa mwilini hukutana kwanza na damu na mshipa wenyewe.

Nao mshipa si mpira wa maji. Ndani yake mna safu moja ya seli, na mwaka 1980 Furchgott na Zawadzki walionyesha, kwa ateri kuu ya sungura, kwamba asetilikolini hulegeza mshipa iwapo tu safu hiyo ipo. Ikikwanguliwa, mshipa haulegei. Baadaye ilidhihirika kuwa seli hizo hutoa gesi ya nitriki oksidi, ambayo hulegeza misuli iliyo nyuma yake.

Dhahabu ni metali mvivu kikemia. Kinachogusana na seli ni ganda lake. Chembe zilizovikwa sitreti zina chaji hasi, hivyo husukumana. Zikitiwa chumvi hushikamana, na wekundu hugeuka zambarau. Na damu, kama mwanafunzi ajuavyo, ina chumvi. Polietilini glikoli, iliyofungwa kwenye dhahabu kwa sulfuri, huzuia kushikamana huko na kupunguza protini zinazojibandika. Kinyume chake, vijiti vya dhahabu hutengenezwa kwa sabuni yenye chaji chanya, ambayo mabaki yake hudhuru utando wa seli.

Madhara hupimwaje? Pete ya ateri ya panya hutundikwa katika maji ya chumvi yenye nyuzi 37, ikakazwa kwa dawa, kisha ikatiwa asetilikolini. Ikishindwa kulegea, hutiwa nitroprusidi, ambayo hutoa nitriki oksidi yenyewe. Ikilegea sasa, basi misuli ni mizima, na hitilafu imo katika safu ya ndani. Jaribio lakini halijakamilika mpaka pete nyingine itiwe ganda peke yake, pasipo dhahabu. Vinginevyo dhahabu yaweza kuhukumiwa kwa kosa la sabuni.