Jadotville katika Sinema: Ukweli wa Nani?

Si mara nyingi mji wetu wa Likasi hutajwa katika sinema za dunia. Mwaka 2016 ulitajwa, tena kwa jina lake la zamani, katika filamu iitwayo The Siege of Jadotville. Aliyeiongoza ni Richie Smyth, na Jamie Dornan aliigiza kama Komandanti Pat Quinlan wa Ayalandi. Ni hadithi ya wachache walioshindana na wengi, na hadithi za namna hiyo zapendwa na kila mtu tangu Daudi na Goliati. Lakini Daudi alishinda. Quinlan alisalimu amri.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwezi wa Septemba 1961 askari wa Umoja wa Mataifa, Waayalandi 155 hivi, walikaa Jadotville. Walikuwa wametumwa kuwalinda wakaaji Wazungu, ambao wengi wao hawakuwataka. Asubuhi ya tarehe 13, siku ile ile jeshi la Umoja wa Mataifa lilipoanza vita kule Elisabethville, wengi wa Waayalandi walikuwa nje wakisikiliza Misa, mara wakashambuliwa. Walipigana siku tano. Ndege ya Katanga iliwatupia mabomu. Helikopta iliwaletea maji, lakini vyombo vyake vilikuwa vimechukua mafuta zamani, na maji yale hayakunyweka. Waliokuja kuwaokoa walizuiwa kwenye daraja la Lufira, mto ule ule unaojaza ziwa letu la Tshangalele. Tarehe 17 Quinlan alisalimu amri. Katika watu wake hakufa hata mmoja, watano walijeruhiwa.

Walioanza kuuficha ukweli si watu wa sinema. Askari wale waliporudi kwao walidhihakiwa kama waoga. Quinlan aliwaombea nishani, nao hawakupewa. Akafa mwaka 1997 kabla ya heshima yake kurudishwa. Uchunguzi wa mwaka 2004 ndio uliowaondolea lawama, na nishani zilitolewa mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya filamu. Kwa hiyo siwezi kuidharau kazi hii. Wajane na watoto wa watu wale walikuwa na haki ya kuiona.

Lakini sisi je? Picha zenyewe zilipigwa Afrika ya Kusini. Tshombe yumo, na wakubwa wengine wamo. Askari wa Katanga waja mbio, waanguka, waja wengine, nao waanguka. Waliouawa upande wao hutajwa kuwa yapata 300. Katika sinema hesabu hiyo yatumika kuonyesha ushujaa wa wachache, basi. Hata idadi ya washambuliaji haina mapatano: wengine husema mamia, wengine elfu tatu na zaidi, na sinema, kama msimuliaji wa jioni, hupenda iliyo kubwa. Mwana wa watu aliyeanguka pale aliamini, pengine, kwamba asubuhi ile nchi yake imevamiwa. Wala siwatakasi majandarma: Waluba waliokimbilia kambi ya Elisabethville mwaka ule ule waliyajua matendo yao. Nasema tu kwamba mtu asiye na jina wala sababu si mtu wa kweli.

Usiku wa kuamkia tarehe 18, ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, naye alikuwa akienda kuonana na Tshombe. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, mwaka 2015, Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman, alikabidhiwa kuchunguza jambo hilo; ametoa ripoti baada ya ripoti, akitaja yanayowezekana na kudai nyaraka zilizofungiwa. Sinema isiyotimiza saa mbili haina subira hiyo.

Waliokuwa vijana wa mji huu mwaka 1961 sasa wamekaribia miaka 80, au wameipita. Wanafunzi, kabla hamjaitazama picha hiyo, nendeni mkawaulize walikuwa wapi asubuhi ile ya Jumatano, na nani katika mtaa wao hakurudi nyumbani. Chukueni daftari.