Hesabu ya matumizi ni sehemu ya tiba

MAMA mmoja auzaye nguo za mitumba katika soko la Mutindwa, mtaani Umoja, alifika kwangu hivi majuzi akilalamika kuumwa na kichwa na kukosa usingizi. Nilipompima, shinikizo lake la damu lilikuwa 178 kwa 104. Ugonjwa huo anao kwa miaka sita, na dawa aliandikiwa kitambo. Nilimuuliza kama anazimeza kila siku. Alisita kidogo, kisha akasema, "Daktari, leo nameza, kesho naruka, ndiyo zifike mwisho wa mwezi."

Dawa zake za mwezi mzima humgharimu shilingi 900, naye alishikilia kwamba 900 hana. Nilimwomba afungue jumbe za M-Pesa za mwezi uliopita, tukaketi na kalamu na karatasi. Ada za mikopo midogo ya simu zilikuwa shilingi 640, ada za kutoa pesa kwa wakala 290, na bando za intaneti 780. Jumla ilikuwa shilingi 1,710. Mama alishika tama. Pesa za dawa alikuwa nazo, ila zilitoka kidogo kidogo bila yeye kuziona.

Wagonjwa wa namna hii ni wengi, kutoka Kayole hadi Dandora, na kutoka Donholm hadi Kariobangi. Ndiyo maana nimeona leo tuzungumzie jambo ambalo huenda msomaji asitarajie kulikuta katika kurasa za afya, nalo ni jinsi ya kuchagua programu ya simu ya kuweka hesabu ya matumizi.

Wasiwasi na mwili

Mtu anapohofia kodi ya nyumba au mdai, mwili humwaga homoni zile zile ambazo humwaga akikimbizwa na mbwa. Moyo hudunda kwa kasi, mishipa ya damu hubana, na usingizi huruka. Hali hiyo ikidumu kwa saa moja haina neno. Ikidumu kwa miezi, mgonjwa wa shinikizo la damu au wa kisukari huzidi kuzorota.

Hatari kubwa zaidi ni ile ya kupunguza dawa. Shinikizo la damu aghalabu haliumi, kwa hivyo pesa zikipungua, dawa ndizo huachwa kwanza. Hatimaye kiharusi hubisha hodi, au figo hufa, na gharama yake haina mfano.

Pesa hupotelea wapi?

Zamani mtu alifungua kibeti akaona noti zimepungua. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, pesa nyingi hazionekani tena kwa macho. Mwaka wa 2012 M-Shwari ilileta mikopo ya simu, na Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo humwezesha mtu kulipa hata salio lake likiwa limeisha. Huduma hizi zimewasaidia wengi usiku wa dharura, hata kumfikisha mtoto hospitalini. Lakini Fuliza hutoza ada ya asilimia 1 ya kiasi unachochukua, na deni likizidi muda au kiasi fulani, ada nyingine huongezeka kila siku. Anayeitumia kila wiki kununua unga na sukari hulipia unga huo mara mbili.

Mambo ya kuchunguza

Wagonjwa huniuliza, "Daktari, nichukue programu gani?" Sitataja moja, kwani inayomfaa karani wa Buruburu huenda isimfae fundi wa Komarock. Badala yake, nawapa maswali ya kuuliza.

Kwanza, je, programu hiyo inakopesha? Ikiwa inakuahidi hesabu na papo hapo inakushawishi kukopa, iache. Faida yake ni deni lako. Ukilazimika kukopa, hakikisha mkopeshaji amepewa leseni. Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka wa 2022, na huchapisha orodha ya walioidhinishwa.

Pili, inataka kuona nini ndani ya simu yako? Programu ya hesabu haina haja na majina ya jamaa zako wala picha zako. Kabla ya kanuni hizo, kuna wakopeshaji waliokuwa wakipigia simu marafiki na waajiri wa mdaiwa ili kumwaibisha, na niliwatibu waliokosa usingizi kwa fedheha hiyo. Kanuni za 2022 zilipiga marufuku mtindo huo, na mwaka wa 2023 Google nayo ilizizuia programu za mikopo kusoma namba na picha za wateja. Kuna programu za hesabu zinazoomba kusoma jumbe zako ili zikusanye zile za M-Pesa. Kumbuka kwamba humo humo mna namba za siri za benki na labda majibu ya vipimo vyako. Ikiwa huna hakika na wenye programu, kataa, uandike mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua habari zako zinatumiwa vipi.

Tatu, inaandika pesa taslimu? Programu nyingi za Ulaya na Marekani hutegemea akaunti ya benki. Hapa kwetu nauli ya matatu na sukuma wiki ya jioni mara nyingi hulipwa kwa sarafu. Tafuta inayokuruhusu kuandika kwa shilingi, kwa kubonyeza mara mbili tatu, hata simu ikiwa haina bando.

Nne, inakuruhusu kugawa matumizi utakavyo? Fungua fungu la "Dawa na kliniki" uliweke juu kabisa, na jingine la "Ada na riba" ulione kila wiki. Hali kadhalika malipo ya mwaka. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya SHA imechukua mahali pa NHIF, na kiwango cha chini kwa mtu asiye na ajira ya mshahara ni shilingi 300 kwa mwezi, zinazolipwa kwa mkupuo wa mwaka, yaani shilingi 3,600. Anayetenga kidogo kidogo hatashtuliwa na deni hilo.

Tano, waweza kutoa nakala ya hesabu zako? Mint, programu iliyojulikana sana Marekani, ilifungwa mwaka wa 2024, na waliokuwa wakiitegemea walilazimika kuhama. Usiweke mayai yote kapu moja.

Kabla ya programu yoyote

Anza na taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu, ambayo waweza kuiomba kupitia *334# ikatumwa kwa barua pepe. Isome na kalamu mkononi. Ukiona daftari la shule lakutosha, basi litumie. Halihitaji chaji wala halina matangazo. Andika jioni baada ya chakula, dakika tano tu, wala usikeshe juu ya hesabu kitandani. Walio na wenzi na waandike pamoja, maana siri ya deni huumiza nyumba nzima.

Lakini hesabu ina mipaka yake. Kuna ambao mapato hayatoshi hata yakipangwa vipi. Hao wasione haya kumwambia daktari, kwani mara nyingi kuna dawa ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile. Anayeshindwa kuacha kamari, au aliyekosa usingizi na tumaini kwa wiki mbili, na aende kituo cha afya. Anayewaza kujitoa uhai asingoje hata siku moja.

Yule mama wa Mutindwa alichagua daftari. Ukurasa wa kwanza wa kila mwezi aliandika "Dawa 900" kabla ya kitu kingine chochote. Baada ya miezi mitatu shinikizo lake lilikuwa 142 kwa 88. Bado tuna safari, na kilichoteremsha shinikizo hilo ni dawa. Lakini sasa anazimeza kila siku.