Lori Linapochemka Mlimani Gisozi

Kutoka Kinamba bondeni hadi karakana za Gakiriro huko Gisozi, mjini Kigali, si mwendo mrefu, lakini ni wa kupanda. Dereva wa lori la dizeli lililosheheni mbao huupanda kwa gia nzito, injini ikifanya kazi kubwa na upepo ukipita kidogo tu katika rejeta. Hapo mshale wa joto hupanda, mvuke hufuka, na dereva hushuka na kitambaa mkononi ili afungue mfuniko. Kitendo hicho kimewaunguza wengi nyuso na mikono.

Maji ya rejeta yamebanwa. Pwani, maji ya sufuriani huchemka kwa digrii 100 za Selsiasi. Kigali, iliyo kiasi cha meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa digrii 95 hivi, jambo ambalo kila mama apikaye maharage amelihisi hata kama hakupata kuambiwa sababu yake. Mfuniko wenye springi ndio unaoyabana maji ya rejeta hata yapite digrii 110 bila kuchemka. Ukifunguliwa yangali moto, mbano hutoweka na maji hulipuka kwa mvuke. Injini izimwe na kuachwa nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike bila kuunguza mkono. Maji baridi yasimwagwe juu ya chuma cha moto, kwani silinda hedi huweza kupasuka. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yatiririkayo kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno wala siagi.

Kwa sababu hiyohiyo, mfuniko uliochakaa huleta taabu zaidi Gisozi kuliko Dar es Salaam. Ni kitu cha bei ndogo, na ajabu ni kwamba baadhi ya mafundi hukikumbuka mwisho, baada ya rejeta nzima kubadilishwa.

Fundi mwangalifu huuliza kwanza: huchemka wakati gani? Likichemka limesimama na kupoa likikimbia, atazame feni na mkanda wake. Likichemka mlimani tu, rejeta yawezekana imezibwa na vumbi na wadudu kwa nje, au na kutu kwa ndani, hasa ikiwa imejazwa maji matupu ya bomba miaka mingi. Mpira wa juu ukiwa moto na wa chini baridi, maji hayazunguki, na thamostati hushukiwa. Hii hupimwa hata jikoni: hutiwa katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, moto ukawashwa. Iliyoandikwa 82 yapasa ianze kufunguka karibu na digrii hizo. Kuitoa na kuitupa, kama wafanyavyo wengi, si tiba. Injini hufanya kazi ikiwa baridi mno na kuchakaa upesi.

Habari mbaya ni mapovu yatokayo mfululizo katika rejeta mara injini baridi inapowashwa mfuniko ukiwa wazi, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo gasketi ya silinda hedi imeungua, au hedi yenyewe imepinda. Lori hilo lisiendeshwe hata hatua moja. Livutwe hadi gereji.

Kwa walio kwenye mashua za dizeli katika Ziwa Kivu, mara nyingi hewa ya rejeta hubadilishwa na maji ya ziwa yavutwayo kwa pampu na kutemwa pamoja na moshi. Moshi ukitoka bila maji, injini izimwe mara moja. Chujio huziba kwa majani na mifuko, na ndani ya pampu kuna gurudumu la mpira lenye mapanga laini ambayo hukatika likizunguka kavu. Kuweka gurudumu jipya hakutoshi: kila panga lililokatika litafutwe ndani ya mabomba mpaka lionekane, maana huko ndiko litakakoziba tena.